5G E ya AT&T: spidi iliyobadilika kwenye skrini tu

Mwanzoni mwa Januari 2019 kuna wateja wa kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani walikuta simu zao zimekuwa za 5G. Hawajanunua simu mpya, hawajabadilisha laini, hawajaongeza hata senti kwenye malipo ya mwezi, imeingia apdeti tu na pale juu kwenye kona palipokuwa pameandikwa 4G LTE sasa panasomeka 5G E. Simu za kwanza kupata hiyo neema zilikuwa Samsung Galaxy S8 Active, LG V30 na LG V40, na utamu wa kisa unaanzia hapo, maana hakuna hata moja kati ya hizo tatu yenye modemu ya 5G ndani, yaani ile chipu ya kunasa mtandao. Hata ungeenda kukaa nayo chini ya mnara wa 5G wenyewe isingeshika kitu.

Nimekichagua hiki kisa kwa sababu malalamiko mengi ya spidi huwa hayana mwisho, mteja anasema neti iko slo, kampuni inasema simu yako ndo mbovu, au umekaa mbali na mnara, au kuta za nyumba yako nene sana, basi mnabishana mpaka kifurushi kinaisha na hakuna wa kuamua. Hapa tumepata bahati, kuna tarehe, kuna vipimo vya watu wa nje, kuna kesi mahakamani, na kuna chombo kilichokaa kikasema hili tangazo linapotosha.

Sasa hiyo E ni nini. Ni Evolution, kwa hiyo kirefu chake 5G Evolution, na AT&T hawakulizua jina hilo 2019, walishalizindua tangu Aprili 2017 pale Austin, Texas, wakati Galaxy S8 inaingia sokoni, wakatangaza kwamba spidi ya juu kabisa kinadharia ni megabiti 400 kwa sekunde. Neno "kinadharia" ndo limebeba mzigo wote hapo, litunze, tutalirudia. Miaka miwili karibu hilo jina likawa linakaa kwenye matangazo tu na watu wengi hawakulijali. Fujo ilianza lilipohamia kwenye skrini ya simu, pale ambapo mtu wa kawaida anaamini panaonyesha ukweli, kama ile alama ya chaji.

Ndani ya hiyo 5G Evolution kulikuwa na vitu vitatu na vyote ni vya 4G. Cha kwanza ni kuunganisha masafa, yaani simu badala ya kushika bendi moja ya mnara inashika mbili au tatu kwa mpigo na kuzijumlisha. Cha pili ni antena nne kwenye mnara zikiongea na antena nne kwenye simu, wataalamu wanaiita MIMO 4x4, data inapita kwa mikondo minne badala ya miwili. Cha tatu kinaitwa 256 QAM, hapo kila ishara moja inayorushwa hewani inabeba biti 8 wakati ile ya kabla yake, 64 QAM, ilikuwa inabeba 6, kwa hiyo umeongeza theluthi moja ya mzigo bila kununua masafa mapya. Vitu vizuri kabisa, sipingi, na ukivikuta vyote vitatu mahali pamoja neti inakimbia kweli. Jina lake la kawaida duniani ni LTE Advanced. Na wewe unayesoma hapa ukiwa Dar au Mombasa ukiona simu imeandika 4G+ pale juu basi uko kwenye familia hiyohiyo ya teknolojia, jirani yako tu huyo 5G E, tofauti ni kwamba waliomsajili huku walimwandika jina lake.

Na Verizon na T-Mobile, kampuni pinzani hukohuko Marekani, walikuwa nayo. Hilo ndo liliwauma. T-Mobile walikuwa na hizo antena nne nne na hiyo 256 QAM tangu 2016, na Verizon mwaka huohuo wakatangaza LTE Advanced kwenye mamia ya miji, wote wakaiita 4G. Sasa mwenzao anakuja na kitu kilekile, anakipa jina la kizazi kinachofuata.

Majibu yao yalikuja ndani ya siku chache. T-Mobile wakarusha video fupi, mtu anachukua iPhone, anabandika kikaratasi kidogo juu ya alama ya LTE, kikaratasi kimeandikwa 9G, basi, apdeti imekamilika. Verizon wao wakachukua njia ya kiungwana, wakanunua kurasa kwenye magazeti makubwa wakaahidi kwamba hawatachukua simu ya 4G na kubadilisha programu ili ile alama igeuke kuwa 5G. Hawakutaja jina la mtu lakini hata mtoto alijua anasemwa nani. Na AT&T wala hawakuona haya, bosi wao John Donovan kwenye yale maonyesho ya teknolojia ya CES kule Las Vegas alisema kwa maneno yake kwamba kama wapinzani wanamuwaza kiasi hicho, yeye anatabasamu.

Tuwape haki yao hata hao AT&T, hoja yao ilikuwa na kichwa na miguu. Walisema wanataka mteja ajue akiwa kwenye eneo ambalo minara imeboreshwa, na kwamba vifaa vinavyofungwa kwenye minara hiyo ndo vitakavyokuja kubeba 5G kamili baadaye kwa kubadilisha programu, kwa hiyo hiyo ni hatua ya kwanza kwenda 5G. Sehemu ya vifaa ni kweli. Ila mteja hanunui vifaa vya mnarani, ananunua kinachofika mkononi mwake, na kinachofika mkononi kilikuwa 4G. Ni sawa na kondakta aandike Luxury kwenye daladala ya Mbagala kwa sababu kampuni imeshalipia kiwanja cha kujenga gereji ya mabasi ya luxury, yaani nia ipo, kiwanja kipo, wewe bado umening'inia mlangoni.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba AT&T walikuwa na 5G ya ukweli wakati huohuo. Waliiwasha tarehe 21 Desemba 2018 kwenye miji 12, kwa masafa ya juu sana yale ya mawimbi ya milimita, na kifaa pekee cha kuishika kilikuwa kile kimodemu cha mfukoni cha Netgear Nighthawk, dola 499, simu hakuna. Hiyo wakaipa alama ya 5G+. Halafu baadaye Desemba 2019 wakaleta 5G ya masafa ya chini, hiyo ikaandikwa 5G kavu. Kwa hiyo mteja wa AT&T aliishia na alama tatu, 5G E ambayo ni 4G, 5G ambayo ni 5G ya masafa ya chini, na 5G+ ambayo ni 5G ya kasi inayopatikana mitaa michache tu. Hebu niambie mama wa mtu pale Ohio atazitofautishaje.

Sprint, mpinzani mwingine, ndo waliokwenda mahakamani. Tarehe 7 Februari 2019 wakafungua kesi mahakama ya shirikisho New York, wakasema AT&T wanawapotosha watu na kuharibu soko kwa wanaojenga 5G kweli. Kwenye karatasi za kesi wakaweka utafiti walioulipia wao wenyewe, kwamba asilimia 54 ya waliohojiwa waliamini 5G E ni sawa na 5G au bora zaidi, na asilimia 43 walidhani wakinunua simu ya AT&T leo itakuwa na uwezo wa 5G. Utafiti wa mlalamikaji kila mtu anajua ni wa kuusoma kwa jicho moja, ila hata ukikata nusu ya hizo namba bado ni watu wengi waliopigwa changa la macho.

Kesi haikufika popote. Aprili mwaka huo wakamalizana nje ya mahakama na AT&T wakaendelea na 5G E yao kama kawaida. Mwezi uliotangulia, Machi 2019, alama ilikuwa imeshaingia hadi kwenye iPhone kupitia iOS 12.2, kwa hiyo kutoka simu tatu za Android sasa ni mamilioni ya mifuko.

Vipimo sasa. Machi hiyohiyo ya 2019 kampuni ya Opensignal, hawa wanakusanya spidi kutoka kwenye simu za watu wenyewe wakiwa kwenye shughuli zao, wakatoa hesabu. Walichukua simu zote zenye uwezo wa kushika hiyo 5G E, halafu wakaangalia simu za aina hiyohiyo zikiwa kwenye mitandao mingine. Hii njia naipenda sana maana inaua ule utetezi wa "simu yako ndo mbovu", simu ni zilezile, kilichobadilika ni mnara tu. AT&T yenye alama ya 5G E ikapata wastani wa megabiti 28.8 kwa sekunde. T-Mobile, ambao skrini zao zinasema LTE, 29.4. Verizon 29.9. Sprint 20.4, na hawa ndo waliokwenda mahakamani, mjue hilo pia.

28.8 dhidi ya 29.9 mtu hawezi kuihisi mkononi, hao watatu wako sawa. Lakini ndo hoja yenyewe, wako sawa, na mmoja wao anauza kizazi kinachofuata.

AT&T wakajibu, na jibu lao watu wengi walilipita haraka, mimi nadhani linastahili kukaliwa kidogo. Walisema Opensignal walipima simu zenye uwezo wa 5G E bila kuhakikisha kwamba wakati wa kupimwa ile alama ilikuwa inawaka, huenda simu ilikuwa kijijini kwenye mnara usioboreshwa, kwa hiyo hicho sio kipimo cha 5G E. Kitaalamu wako sahihi, wastani wa simu zote umechanganya waliokuwa ndani ya eneo na waliokuwa nje. Ila angalia hilo jibu linawapeleka wapi. Kama spidi nzuri inapatikana tu ukiwa ndani ya eneo, basi namba ya kwenye tangazo ni ya eneo, wala sio ya mteja, na mteja analipia mwezi mzima akiwa nyumbani, kazini, barabarani, kwa mkwewe. Na T-Mobile na Verizon nao walipimwa kwa mchanganyiko huohuo, ndani na nje ya minara yao iliyoboreshwa, na bado wakatoka sawa.

Turudi kwenye ile 400 ya kinadharia, maana kutoka 400 mpaka 28.8 ni safari ndefu na hakuna mwizi njiani, ni fizikia na foleni tu. Ile 256 QAM inataka ishara safi mno, ukisogea mbali na mnara au ukiingia ndani ya jengo simu na mnara wanakubaliana kimyakimya kushuka hadi 64, hadi 16, ili maneno yasipotee, na wewe huoni chochote kwenye skrini, alama iko palepale. Antena nne zinataka simu yenye antena nne na mazingira ambayo mawimbi yanagonga kuta na kufika kwa njia tofauti, uwanja mtupu unaua faida yake. Kuunganisha masafa kunataka bendi zote ziwe kwenye mnara huohuo uliokushika. Halafu hata vyote vikikamilika, ule uwezo ni wa upande mzima wa mnara, unagawanywa kwa kila aliyewasha data muda huo, saa kumi alfajiri uko peke yako unafurahi, saa mbili usiku mtaa wote unaangalia video. Na nyuma ya mnara kuna waya au mkongo unaobeba data kwenda kwenye intaneti, huo nao ukiwa mwembamba haijalishi hewani kuna G ngapi.

Na hapo hatujagusa ule mchezo mdogo wa biti na baiti, tangazo linahesabu megabiti na programu nyingi za kushusha faili zinaonyesha megabaiti, gawanya kwa 8, ndo maana mtu mwenye laini ya 40 anaona 5 anapiga kelele kaibiwa wakati hajaibiwa.

T-Mobile hawakuishia kwenye kikaratasi cha 9G. Walipeleka malalamiko National Advertising Division, chombo cha wafanyabiashara wa matangazo wenyewe kujisimamia, hakina polisi wala faini. Kikasema maneno "5G Evolution" na "5G Evolution, hatua ya kwanza kwenda 5G" yanapotosha. AT&T wakakata rufaa National Advertising Review Board, na Mei 2020 rufaa ikatoka vilevile, kwamba mteja mwenye akili zake akiona hayo maneno ataamini anapewa mtandao wa 5G, na mtandao huo sio 5G, kwa hiyo yaondolewe. AT&T wakasema kwa heshima zote hatukubaliani, lakini tutatii. Wakaondoa kwenye matangazo.

Kwenye simu hawakuondoa. Uamuzi ulihusu matangazo, na AT&T wakashika kwamba alama ya kwenye skrini sio tangazo. Hapa ndo nashangaa mpaka leo, hiyo alama mtu anaiangalia mara ngapi kwa siku, bango la barabarani unalipita mara moja, kona ya simu unaiona kila ukichomoa simu mfukoni, kama kuna tangazo kwenye hiki kisa basi tangazo lenyewe ni hilo.

Na Sprint wala hawakuwepo kushuhudia, walishamezwa na T-Mobile tarehe 1 Aprili 2020.

Msije mkadhani T-Mobile ni malaika hapa. Rudi 2010, wao ndo waliochukua HSPA+, ambayo kila mtu anajua ni 3G iliyonolewa, wakaanza kuiuza Marekani kama 4G. Wakati huo shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikuwa na vigezo vyake vya 4G, megabiti 100 kwa mtu anayetembea kwa kasi na gigabiti 1 kwa aliyetulia, na hakuna kampuni yoyote iliyokuwa inavifikia, hata LTE ya mwanzo haikufika. Desemba 2010 ITU wakalegeza, wakasema hilo jina linaweza kutumika pia kwa zile zilizoboreka vya kutosha kuliko 3G za mwanzo. Mlango ukawa wazi. AT&T wakafuata 2011, nao wakaanza kuiita HSPA+ yao 4G, na Machi 2012 iPhone 4S ikapata apdeti ya iOS 5.1 na kwenye mtandao wa AT&T alama ikageuka kutoka 3G kuwa 4G, simu ileile, modemu ileile. Kwa hiyo 2019 ilikuwa marudio. Walishaona kwamba mara ya kwanza hakuna aliyeumia.

Na hata jina likiwa la kweli bado halikwambii utapata nini. Opensignal haohao Juni 2020 walitoa hesabu ya 5G halisi Marekani, Verizon wakaongoza kwa wastani wa megabiti 494.7, balaa, T-Mobile wakapata 49.2, mara kumi chini. Ukisoma hapo tu unakimbilia Verizon. Ila safu ya pili ilionyesha watumiaji wa 5G wa Verizon walikuwa wameunganishwa kwenye 5G asilimia 0.4 ya muda wao, na wa T-Mobile asilimia 22.5. Asilimia 0.4 ya siku ni kama dakika sita. Yaani dakika sita za kupaa halafu siku nzima 4G, na namba zote mbili ni za kweli, na kila kampuni itaweka kwenye bango ile inayompendeza.

Huku kwetu 5G imeingia 2022, Vodacom Tanzania Septemba, Safaricom ya Kenya Oktoba wakiwa na ile 5G ya nyumbani, na lugha ya "hadi megabiti fulani" ishazoeleka. Mtu akija kuniuliza achukue au asichukue huwa simjibu kwa G, namwambia aombe jirani wa mtaa huohuo mwenye kifaa hichohicho apime saa mbili usiku, akiwa chumbani anapokaa, asimame dirishani apime tena, halafu aulize kifurushi kikifika kikomo cha matumizi ya haki spidi inashuka mpaka ngapi. Wakala mzuri hilo la mwisho atakujibu bila kigugumizi. Akianza kukueleza kuhusu kizazi cha tano na magari yanayojiendesha, muage.

Nimalizie na kilichowapata AT&T baada ya kupata 5G ya kweli nchi nzima, ile ya masafa ya chini, yenye alama halali isiyo na E. Septemba 2020 jarida la PCMag walizunguka Marekani wakipima, na kwenye miji 21 kati ya 22 waliyoikuta ikiwa na 5G ya AT&T, hiyo 5G ilikuwa inakimbia polepole kuliko 4G ya AT&T wenyewe. Sababu ni kwamba 5G walikuwa wameipa kipande chembamba tu cha masafa ya megahezi 850, wakati 4G ilikuwa inaunganisha bendi kibao kwa zile mbinu tatu nilizoeleza juu. Kwa hiyo mteja aliyekuwa na simu ya zamani inayoonyesha 5G E ya uongo alikuwa na nafasi kubwa ya kumpita mwenye simu mpya inayoonyesha 5G ya kweli, na huyu wa pili ndo aliyetoa hela.